Insulini ikija kwa basi, usiilaze juu ya barafu

Dawa nyingi zinazoingia Igunga hazishushwi kwenye gari la Bohari ya Dawa. Zinashushwa stendi. Kwenye kitabu cha mizigo hazijaandikwa dawa, zimeandikwa "kifurushi" au "boksi dogo", jina la mpokeaji na namba yake ya simu. Zimenunuliwa Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza na kaka, shangazi au mwanao mkubwa aliyeko huko, kwa sababu duka la hapa limeishiwa au bei yake haishikiki. Nyingi ni vidonge, na vidonge ni wasafiri wazuri. Leo, ndugu msomaji, nataka tumzungumzie msafiri mgumu, yaani insulini, na jambo moja linalofanywa kwa nia njema kabisa: kuilaza dawa hiyo juu ya barafu iliyoganda kama jiwe.

Maoni yangu nayaweka wazi tangu mwanzo, maana najua yanapingana na mnachoambiwa dirishani mnapoinunua. Kwa safari ya siku moja ndani ya nchi yetu, barafu ngumu inaweza kuiharibu insulini haraka kuliko joto la kawaida la njiani. Joto hilo huidhoofisha polepole, kwa wiki nyingi. Barafu inaweza kuimaliza kwa usiku mmoja, na mara nyingine haiachi alama yoyote ya kuonekana kwa macho.

Insulini si kama chumvi iliyoyeyushwa kwenye maji, ambayo ukiigandisha na kuiyeyusha inabaki kuwa ile ile. Ni protini. Ikiganda, chembe zake hushikana na kufanya mabonge, na hata ikiyeyuka tena hazitawanyiki kama zamani. Ukivuta kwenye bomba kipimo kile kile cha jana, leo unaweza kupata dawa kidogo, kesho ikawa nyingi, kesho kutwa karibu maji matupu. Ndiyo maana karatasi iliyomo ndani ya boksi husema insulini iliyoganda isitumike, hata kama imeshayeyuka. Ile yenye rangi ya maziwa wakati mwingine hujitangaza yenyewe: unaiviringisha kati ya viganja na bado unaona vipande vyeupe, au ukungu mweupe umeng'ang'ania kwenye kioo cha kichupa. Lakini ile iliyo angavu kama maji inaweza kuganda, ikayeyuka, ikabaki angavu vile vile. Hiyo ndiyo ninayoiogopa zaidi.

Mtoto mmoja wa darasa la tatu aliletwa akitapika, anahema kwa nguvu na kwa kina, ametoka kunywa maji usiku kucha. Sukari ilikuwa 27. Mama yake aliapa kwamba hajaruka sindano hata moja kwa wiki nzima. Ndugu walioongozana naye walishaamua kwamba mtoto anafichiwa soda, na wifi yake akasema hivyo mbele ya kila mtu. Nilimwomba mama anionyeshe kichupa. Kilikuwa kimekuja kwa basi ndani ya boksi jeupe la samaki, kimebanwa katikati ya chupa mbili za maji yaliyogandishwa. Zilipofunguliwa stendi zilikuwa bado ngumu, na wote walifurahi kwamba dawa imefika ikiwa na ubaridi wake. Mtoto aliwekewa dripu, akaanzishiwa insulini kutoka kichupa kingine, na siku ya tatu alikuwa anaomba ugali. Aliyepaswa kuulizwa maswali hakuwa mama. Lilikuwa duka lililofunga mzigo ule bila kumweleza mnunuzi chochote zaidi ya "isikose barafu".

Kuna hatari ya pili ambayo watu wengi hawaifikirii. Sukari ikipanda kwa sababu dawa imekufa, na hakuna aliyejua kwamba imekufa, kipimo huongezwa. Leo yuniti mbili, wiki ijayo mbili nyingine. Kisha kinakuja kichupa kipya chenye nguvu zake zote, na mtoto anachomwa kile kipimo kilichopandishwa. Sukari inaporomoka usiku watu wamelala. Kwa hiyo ukienda kliniki, usiseme tu "sukari imekuwa juu". Sema pia kwamba kichupa hiki nilikianza lini, kilitoka wapi na kilisafiri namna gani. Hayo ni maelezo ya kitabibu sawasawa na namba zilizo kwenye daftari lako la sukari.

Nadhani mazoea haya tumeyatoa kwa samaki. Sato wa Mwanza akisafirishwa hufukiwa barafu, na kadiri barafu ilivyo nyingi ndivyo anavyofika vizuri. Neno "itunzwe kwenye ubaridi" likitamkwa, mikono inajua kazi moja tu. Ila ubaridi unaotakiwa na insulini ambayo haijafunguliwa ni kati ya nyuzi 2 na 8. Barafu iliyotoka kwenye friza ina nyuzi 18 au 20 chini ya sifuri. Kichupa kikiigusa, hakiko kwenye ubaridi kilioandikiwa.

Na joto je? Igunga si Lushoto, najua. Mwezi wa tisa na wa kumi, kabla mvua hazijaanza, mbuga za Wembere zinawaka na upepo unaotoka huko ni kama umefunguliwa mlango wa tanuri. Hofu ya joto ina sababu. Lakini ipimwe kwa ushahidi, na ushahidi upo, tena wa jirani zetu. Médecins Sans Frontières na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto ndani ya nyumba katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya, wakalikuta likicheza kati ya nyuzi 25 usiku na 37 mchana. Kisha maabara wakaziweka aina mbalimbali za insulini katika joto hilo hilo la kupanda na kushuka kwa wiki nne, wakazilinganisha na zilizokaa kwenye friji. Matokeo yalichapishwa Februari 2021 katika jarida la PLOS ONE: nguvu ya dawa ilikuwa karibu sawa, tofauti haikuzidi asilimia moja. Hii haina maana kwamba utupe friji yako, wala kwamba akiba ya miezi mitatu ikae kabatini. Maagizo ya watengenezaji bado yanasema kichupa kinachotumika kisizidi nyuzi 25 au 30 kutegemea aina, na aina nyingi zitumike kwa wiki nne tu. Lakini ukiwa na ushahidi huo mkononi, utaona kwamba safari ya basi kutoka Dar haistahili kutiwa hofu kubwa hivyo. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakitembea miezi na mizigo yao kati ya Tabora na Bagamoyo. Basi linaondoka Dar alfajiri na usiku limefika Igunga.

Joto la kuogopa ni la aina nyingine. Ni lile la dashibodi ya gari lililoegeshwa juani likiwa limefungwa vioo, ambalo linaweza kupita nyuzi 50. Ni buti ya basi upande wa injini. Ni boksi lililoachwa kwenye benchi la ofisi ya mizigo kuanzia asubuhi hadi jioni, jua linalifuata linapohamia. Ni begi jeusi la bodaboda kutoka Igunga mjini kwenda Itumba au Choma saa nane mchana. Hayo yote hayatibiwi kwa barafu. Yanatibiwa kwa mtu kujua kwamba mzigo ule ni dawa na kuuweka ndani, kivulini, mikononi mwa kondakta, na kwa mpokeaji kuwa stendi basi linapoingia badala ya kupiga simu kesho yake.

Ufungeje basi? Kila nyumba ina hotpoti. Chombo kile kinachozuia moto wa wali usitoke ndicho hicho hicho kinachozuia joto la nje lisiingie. Chukua hotpoti ndogo au chupa ya chai yenye mdomo mpana. Kichupa cha insulini kibaki ndani ya boksi lake la karatasi, kisha kiwe ndani ya mfuko unaofungika ili kisilowe. Kizungushie kitambaa, kipande cha khanga kinatosha. Pembeni weka chupa ndogo ya maji yaliyotoka kwenye friji, ya baridi lakini si barafu. Funga. Ubaridi huo utapungua taratibu hadi mwisho wa safari, na hata ukiisha njiani hujapoteza dawa. Nje andika kwa herufi kubwa: DAWA, ISIGANDISHWE, ISIKAE JUANI. Wafanyakazi wa mabasi ni watu waelewa wakielezwa. Hawawezi kukisia kilichomo ndani ya boksi lisilosema kitu.

Kama safari ni ndefu kweli, siku mbili pamoja na kulala njiani, au ni Oktoba na mzigo ni akiba ya mtoto ya miezi miwili, barafu inaweza kutumika, lakini kwa namna ambayo wauguzi wa chanjo wanaijua vizuri. Itoe kwenye friza, iache mezani hadi itoe jasho. Itikise karibu na sikio. Ukisikia maji yanacheza ndani, barafu hiyo sasa imefika kwenye nyuzi sifuri na haitashuka tena. Hapo ndipo inafaa kuingia kwenye chombo, na bado isigusane na dawa: kitambaa kinene au kadibodi ikae katikati. Dukani wakikuambia hawana muda wa kusubiri barafu itoe jasho, waambie wakupe maji baridi.

Utanishangaa nikisema kwamba wakati wa kuwa mwangalifu zaidi na barafu ni kipupwe. Juni na Julai watu hujiachia, wanasema hali ya hewa yenyewe ni friji. Lakini fikiria: basi linapanda Singida usiku, upepo ni mkali, abiria wamejifunika mablanketi. Barafu ambayo Oktoba ingeyeyuka ikifika Manyoni, mwezi wa saba inafika Igunga ikiwa bado ngumu, na kwa saa zote hizo imegusana na kichupa. Kwenye miezi hiyo maji ya friji yanatosha na kubaki. Kwa safari ya usiku, hata bila kitu chochote cha ubaridi, dawa iliyofungwa vizuri ndani ya kitambaa itafika salama.

Wenye ndugu ughaibuni mtaelewa upesi zaidi. Minnesota huko Marekani, ambako Wakenya na Wasomali wengi wanaishi, kipimajoto cha Januari hushuka mbali chini ya sifuri, na kifurushi cha insulini kinachoachwa mlangoni kinaweza kuganda kabla mwenyewe hajarudi kazini. Huko shida imegeuka upande wa pili: wanaosafirisha bidhaa zisizopenda kuganda huweka ndani ya boksi pakiti za joto. Ni vifuko vyenye unga wa chuma, mkaa na chumvi. Hewa ikiingia, chuma kinapata kutu, na kutu hiyo hutoa joto kwa saa nyingi. Kuzichagua nako kuna akili yake. Kuna za mikono, zinazopata moto upesi na kuisha mapema, na kuna za mizigo, zinazotoa joto dogo kwa muda mrefu, siku mbili hata tatu. Ya mikono ikilazwa juu ya dawa inaweza kuiunguza kabla baridi haijaifikia, na pakiti yoyote ikibanwa kwenye boksi lisilo na hewa hata kidogo inazimika. Kanuni ni ile ile ya hotpoti yetu: chombo kizuri kwanza, kisha chanzo kidogo cha joto au ubaridi, na kisigusane na dawa. Ndugu yako akikuletea insulini kwa ndege, mwambie aibebe kwenye begi la mkononi, si lile linalokwenda chini ya ndege. Na akikuletea hizo pakiti za joto kama zawadi, pokea, ila kwenye hotpoti ya dawa hapa kwetu hazina kazi.

Tukirudi nyumbani, safari ikiisha hatari haijaisha. Kwa asiye na friji, mahali pa kwanza panapofikiriwa ni friji ya duka la jirani. Ni ujirani mwema, nami siupingi. Lakini friji ya soda imewekwa kwa ajili ya soda, na hapa kwetu mteja anataka soda inayotoa moshi. Kabla hujakabidhi dawa, angalia jambo moja: je, soda za mle ndani huwa zinaganda? Kama hugeuka barafu, insulini yako haipati mahali pale. Hata kwenye friji ya nyumbani, dawa isiwekwe karibu na sehemu ya kugandishia wala isigusane na ukuta wa nyuma. Mlangoni panatosha.

Na kama friji hakuna kabisa, usiuze mbuzi ili ununue. Mtungi wa udongo ni chombo cha heshima katika jambo hili. Vyombo vya udongo vya namna hii vilijaribiwa katika joto la Khartoum, Sudan, na vilipunguza joto kweli. Chukua chungu kidogo ukiweke ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati, mwagia mchanga maji asubuhi na jioni, funika kwa kitambaa kilicholowa, weka kivulini penye upepo. Dawa iwe ndani ya kopo lenye mfuniko ili isiingie maji. Chombo hiki hufanya kazi kwa maji kukauka, kwa hiyo hewa ikiwa kavu ndivyo kinavyopoza zaidi, na hewa yetu ya kiangazi ni kavu kuliko tunavyopenda. Hakitafika nyuzi 8. Kwa kichupa kilichofunguliwa, ambacho kitaisha ndani ya wiki nne, hakihitaji kufika huko. Faida yake nyingine ni kwamba hata ufanye nini, mtungi hauwezi kugandisha dawa.

Wazazi wa watoto wachanga, nina neno na ninyi pia. Siku muuguzi akija kijijini kwa huduma ya mkoba, akafungua kisanduku cha chanjo ukaona vichupa bapa vya maji badala ya barafu ngumu, usinong'one kwamba chanjo imeharibika. Chanjo ya matano kwa moja, ya pepopunda na ya saratani ya mlango wa kizazi huharibika zikiganda, kama insulini. Za matone ya polio ndizo zinazoipenda baridi kali. Kwenye kichupa cha chanjo utaona duara lenye mraba mdogo katikati. Mraba ukiwa na rangi hafifu kuliko duara, joto halijaiharibu. Ukilingana na duara au kuwa mweusi zaidi, haitumiki. Omba uonyeshwe, ni haki yako, na muuguzi mzuri hatachukia. Alama hiyo lakini inasoma joto tu. Kuganda haikuonyeshi.

Ninachodai kwa wenye maduka ya dawa ni kidogo. Anayenunua insulini ya kusafirisha aulizwe inakwenda wapi na itafika lini. Aambiwe maneno mawili: isigandishwe, isiunguzwe. Maji baridi yawepo dukani kama barafu ilivyopo. Hilo halina gharama, na halihitaji waraka kutoka Dodoma.

Ukipokea kichupa leo ukakuta barafu ngumu imekilalia, au ukaona vipande vyeupe, au hujui kilipitia wapi na sukari inapanda bila sababu, usiongeze kipimo kwa kukisia nyumbani na usiache sindano ukisubiri mzigo mwingine. Nenda siku hiyo hiyo hospitali ya wilaya, au Nkinga kama ndiko karibu, ukiwa na kichupa chenyewe, boksi lake na daftari la sukari. Mtoto akitapika, akihema kwa nguvu, akilalamika tumbo au akinuka mdomoni kama tunda lililoiva kupita kiasi, usingoje kukuche.